Aliyemwambia Mnorwei

Nani kati yenu alimwambia Mnorwei?

Msitazamane. Fabien, acha kunirekebishia mto, mto hauna kosa. Na wewe Lyse, ondoka hapo mlangoni uingie ndani, mtu hasikilizi wosia wa mama yake akiwa ameshika kitasa. Nimewaita wote wawili, wewe Fabien ambaye hukuwahi kuondoka na wewe Lyse niliyekufukuza nyumba hii miaka mitatu iliyopita, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili.

Sikilizeni basi, wanangu. Baba yenu Urbain bado hajamaliziwa matanga. Mnajua kwetu Burundi, siku hiyo mmoja wa nyumbani husimama mbele za watu akaeleza marehemu aliishi vipi na akafa vipi, na akishasema, maneno yake ndiyo yanayobaki. Mwaka wa kwanza niliahirisha, wa pili nikaahirisha, watu wa kanisani wakadhani tumekosa cha kuwapikia. Sikukosa chakula, nilikosa mdomo wa kuuamini. Sasa na mimi naondoka. Mtatumalizia matanga wote wawili siku moja, sufuria za wali zitakuwa zilezile, na mmoja wenu atasimama. Lakini nitamsimamishaje mtu aliyemtoa baba yake nje uchi?

Nianze na yule mtu, maana ninyi mlimjua kama mpangaji tu, tonton Eilert, kama mjomba wenu, wa chumba chenye roshani, aliyetumalizia sukari na kuimba bafuni. Eilert Nesvåg alizaliwa kisiwani, kwenye baridi ya magharibi ya Norwei, mtoto wa mhubiri. Alipofika miaka ishirini na sita akaandika riwaya yake ya kwanza, na ndani yake mhubiri mmoja anakunywa pombe kwenye banda la mashua kabla ya kwenda kuwaombea walevi, na jina la mhubiri ni la baba yake, na banda ni lao hadi rangi ya mlango. Mzee hakupanda tena mimbarani. Riwaya ya pili ilikuwa ya mke wake na mimba zake zilizoharibika, kila mimba na sura yake. Mke akaondoka, akaenda magazetini, nusu ya nchi ikamwita Eilert shujaa wa ukweli, nusu ikamwita mwizi, na nusu zote mbili zikanunua kitabu. Wakampa tuzo. Haya aliniambia mwenyewe, jikoni, anamenya viazi, bila aibu wala majivuno, kama mtu anayekutajia magonjwa aliyowahi kuugua. Nikampenda kwa hilo, siwafichi. Mimi niliyesoma fasihi Dar es Salaam, nikafundishwa darasani kwamba mwandishi amekufa, nilipata wangu aliye hai, na analipa kodi kwa wakati.

Alikuja mwaka 2009 kwa ajili ya babu yake, aliyechinja nyangumi pale Bluff, ng'ambo ya bandari ya mji huu wa ugenini, wakati Wanorwei walipokuwa na kazi hiyo. Kila asubuhi alipanda taxi kwenda kutazama kuta zilizobaki za machinjio yale. Kisha nyangumi wakamchosha, akaanza kumtazama baba yenu.

Mnamkumbuka alivyokuwa akishuka: suti ya kahawia, tai, mkoba wa ngozi, kama mkuu wa shule, na mkuu wa shule ndivyo bibi yenu kule Ngozi, Burundi, alivyoambiwa. Ndani ya mkoba hamkuwa na kitabu hata kimoja. Ilikuwamo reflekta ya njano, ile fulana ya kung'aa ya walinda magari, na nguo alibadilia kwenye ngazi za dharura, kwenda na kurudi. Wenzake wa ufukweni walijua, maana wote walikuwa hivyohivyo, kila mmoja na cheo cha kuwaambia watu wa kwao. Kona hii iko Ingénieur, kona ile iko Docteur. Ambokile, yule Mtanzania, alikuwa akimpigia kelele toka ng'ambo ya robot, zile taa za barabarani, "Eh, Professeur! Leo wanafunzi wako wamepaki vibaya, wachape!" Na baba yenu anamjibu, "Nitawaita wazazi wao!" Kucheka kuliruhusiwa. Kupeleka habari nyumbani kwa mtu hakukuruhusiwa, hilo hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mimi sipendi watu wa kujifanya, nimegombana na nusu ya kanisa kwa sababu hiyo, lakini ule uongo mmoja niliupiga pasi kila Jumapili pamoja na suti.

Lakini lipo jambo ambalo hata Ambokile hakulijua. Akirudi alifungua bomba la bafuni, maji yapige ndoo, akalia. Alifungua maji ili tusisikie, na sisi tuliongeza sauti ya televisheni ili asijue kwamba tunasikia. Tulijua watu wanne tu. Mpangaji alikuwa upande wa barabarani, na alikuwa akilala kama gogo.

Kitabu kilipotoka, kilianza na bomba.

Hakubadilisha jina lolote. Urbain, mimi Médiatrice, nyumba, ngazi, mkoba. Huko kwao wakagombana tena, kama Mzungu ana haki ya kuandika machozi ya Mwafrika, wakaitisha mikutano, na hakuna hata mmoja aliyempigia simu mwenye machozi. Mwaka 2012 kikatoka kwa Kifaransa, binamu yenu mseminari akakifikisha Ngozi, akamsomea bibi yenu majirani wakiwa wamekaa. Bibi akapiga simu. Hakumgombeza. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Urbain, mwanangu, kumbe wewe unasimama juani?"

Tangu siku ile hakubeba tena mkoba. Alitoka na reflekta mwilini, na Ambokile akimwita Professeur hakugeuka. Mwaka uliofuata moyo ukasimama. Daktari aliandika moyo. Sibishani na daktari.

Lyse, nilisema ni wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyekaa naye roshani, ukijifunza Kiingereza. Fabien alikuwa na kazi yake kiwandani kule Jacobs, anarudi amechoka. Ulisema si wewe, nikakwambia toka, ukatoka na viatu mkononi.

Mwaka jana Eilert naye akafa, kwa ini, kama baba yake. Gazeti moja la Kifaransa likatoa mahojiano yake ya mwisho. Walimuuliza juu ya baba yenu, akajibu: "Alinisimulia mwenyewe, na hakunikataza." Nikalitupa gazeti. Kiingereza cha Urbain kilikuwa cha kuegeshea magari, sharp boss, left, left, basi. Na Mnorwei hakuwa na Kifaransa wala Kiswahili wala Kirundi. Walikuwa wakisalimiana kwa nyusi. Nikasema, huyu mtu ameuza ukweli maisha yake yote, halafu amekufa na uongo.

Lakini mgonjwa hutazama dari sana. Nimejiuliza, na kama alisema kweli?

Ngojeni... nipumue kidogo.

Vitabu vyangu ni vya Lyse, hata akisema si yeye, hata akisema ni yeye. Suti ya kahawia wapeni watu wa kanisa, wasiuliziwe chochote. Mkoba uko chini ya kitanda hiki, reflekta imo ndani, nimeifua. Huo ni wa yule atakayesimama. Asimame nao. Aseme: Urbain alilinda magari South Beach, na kwenye kona yake halikuibiwa hata moja. Asimwite mkuu wa shule. Bibi yenu anajua tayari, tunamficha nani?

Nawabariki wote wawili, aliyefanya na asiyefanya. Mungu awape usingizi. Awape watoto wasiosikilizia mlangoni. Asiwape... asiwape mpangaji mwandishi. Cheka, Lyse, nimekuruhusu.

Maji sitaki. Nipe jibu.

Fabien, mbona umekaa chini? Inuka... basi kaa. Kaa hapohapo. Shika mkono huu. Sema kwa sauti, mwanangu, sikio langu limekwisha, na dada yako naye asikie.

"Ni mimi, mama. Baba alimsimulia mwenyewe, kwenye ngazi, mimi nikawa natafsiri. Alimweleza yote, hadi bomba. Alipomaliza akaniambia, mwambie asiandike. Hilo, mama... hilo sikulitafsiri."