Kitanda Alichokichomelea Cheche

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Aprili 1979, kitinda mimba wa fundi viatu na muuza vitambaa. Dada yake, anayesoma wasifu huu, alikuwa na miaka minne, na ngumi ya kwanza ya marehemu ilitua puani kwake.

Alianza shule mwaka 1986. Darasa la sita mwalimu alimvunjia fimbo tatu mgongoni. Ya nne marehemu aliidaka, akaivunja kwa goti, akarudisha vipande kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Masomo yakaishia hapo, akaingia karakana ya kuchomelea.

Mwaka 2006 alikwenda ng'ambo kuchomelea meli. Siku moja, wakati wa chakula, mfanyakazi mwenzake alimvamia kwa nondo, akampasua kichwa. Mpishi wa kantini, binti wa nchi ile, akamtandika yule mtu sufuria mpaka akalala chini. "Huyo ndiye wifi yako," marehemu alimwambia dada yake kwenye simu. "Hata nikitaka kumwacha, nitathubutu?" Walifunga ndoa tarehe 2 Februari 2010.

Mwaka 2021 mama aliugua, wakarudi wote wawili. Marehemu alichomelea kitanda cha chuma, futi tano kwa sita, cha kulalia yeye na mkewe. Dada alisaidia kukipitisha mlangoni, kikamponda kidole. Kisha marehemu akaomba kibali cha mkewe kuishi nchini, yeye mwenyewe akiwa mdhamini.

Afisa wa uhamiaji alikuja kumhoji dada. Hawa wawili kweli ni mke na mume? Wanalala pamoja? Jamani, dada mtu aanze kusimulia chumba cha mdogo wake wa kiume? "Mambo ya chumbani kwake mimi siyajui, baba," alijibu, akidhani ndiyo adabu. Afisa akaandika kwamba ndugu hawaitambui ndoa. Ombi likatupwa.

"Dada, si ungemwonyesha hata hicho kidole!" marehemu alisema. Hakumgombeza zaidi ya hapo.

Tarehe 14 Machi 2023, saa nne asubuhi, walikuja wanaume watano wa uhamiaji kumwondoa mkewe nchini. Walimburuta kwa nywele kutoka jikoni, mdomo unamtoka damu. Marehemu alitoka karakanani mikono mitupu, nyundo ameiacha mezani, akaushika mlango wa gari lao. Walimpiga virungu vya vidole, hakuachia. Wakampiga vya kichwa, akaanguka, nao wakaondoka bila mkewe. Alilazwa siku tatu, damu ikivujia kwenye ubongo, akafariki tarehe 17 saa nane mchana, mkono wake ukiwa umeshikwa na mkewe.

Ameacha mama, dada mmoja, na mke. Rufaa ya mjane dhidi ya kunyimwa kibali inasikilizwa Jumatatu, na mdhamini wake ndiye huyu tunayemzika.

Kwa hiyo dada anasema leo, mbele ya mama yake, mbele ya jeneza, na mbele ya maafisa wawili waliosimama pale getini: walilala kitanda kimoja. Nilikibeba mimi. Kidole hiki hapa, kiangalieni. Niliona aibu kusema neno moja, na aibu yangu imemuua mdogo wangu. Jumatatu nitalisema tena, nikiwa nimeapa.

Pumzika, Cheche. Mlango nimeushika mimi.