Mwalimu Winfrida Pazi na Gari Lililodaiwa Kuonja Petroli

Ndugu waombolezaji, marehemu Mwalimu Winfrida Pazi alizaliwa Kinole tarehe 3 Novemba 1951, mtoto wa tatu wa mzee Pazi na mama Emerensiana, wakulima wa ndizi, mdalasini na pilipili manga. Mama yake alipenda kusimulia jinsi binti huyu, akiwa bado hajaanza shule, alivyomkabili mgeni aliyekuwa akisifu mboga ya nyumba hiyo. "Umesifu sana," alimwambia, "mbona umeiacha?" Alichapwa kwa hilo. Hakujutia, na hakuacha.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kinole, kisha sekondari ya wasichana Kilakala, na baadaye akachukua stashahada ya ualimu wa fizikia na hisabati. Alianza kufundisha mjini Morogoro mwaka 1974 na akastaafu mwaka 2011. Wapo hapa watu wazima wenye vyeo ambao bado wanakumbuka macho yake yakishuka juu ya daftari lenye jibu sahihi lililonakiliwa. Hakufoka. Alisema tu, "Hili si lako," akaligeuza daftari kifudifudi kama mtu afunikaye chakula kilichochacha.

Tarehe 9 Oktoba 1976 alifunga ndoa na Jonathan Kobelo, fundi mkuu wa mitambo katika shamba moja la mkonge. Jonathan alikuwa mcheshi, mpole, mwimbaji mzuri wa kwaya. Alikuwa pia na gari. Lilikuwa gari dogo la michezo la Kijerumani, la milango miwili, injini nyuma, aliloachiwa na meneja wa shamba aliyerudi kwao Ulaya. Injini yake haikuwa na rejeta wala maji; ilipozwa kwa upepo wa feni na kwa oili. Kutokana na hilo Jonathan aliamini, au alijifanya kuamini, kwamba gari lile lilikuwa na matumizi ya mafuta ya pikipiki. "Halinywi," aliwaambia wenzake. "Linaonja."

Winfrida alilijaza tangi, akamtuma mumewe Mlali na kurudi mara kadhaa, akalijaza tena, akapiga hesabu. Lita moja ilikwenda kilomita saba, na nane ikiwa dereva hana haraka. Alimwonyesha. Jonathan alicheka na kusema kabureta zilikuwa hazijarekebishwa. Zilirekebishwa. Likabaki saba. Winfrida alimweleza kwamba injini ya namna ile, ikipanda mlima kwa joto, hulishwa petroli nyingi kuliko inayohitaji, ama sivyo inaungua. "Kukosa maji si kukosa kiu," alisema. Sentensi hiyo aliirudia maisha yake yote, kwenye vituo vya mafuta, kila alipotokea mjuzi wa kumpongeza.

Ilipofika miaka ya uhaba, petroli ikawa ya kutafutwa kama dawa, na majigambo ya Jonathan yakapata wasikilizaji. Aliwaambia anakwenda Kinole na kurudi kwa mafuta ambayo wengine wasingefika nayo Mkuyuni. Safari hii hakuwa anadanganya kabisa. Alikuwa anazima injini kileleni, anaweka gia huru, na kuliacha gari lishuke milima ya Uluguru lenyewe, kwa breki tupu. Winfrida alimkataza. Jonathan aliahidi.

Jumapili tarehe 3 Julai 1983 walikuwa wanateremka kutoka kwa wazazi. Winfrida alikaa mbele amempakata mwanawe Raphael. Kwenye kile kiti cha nyuma ambacho hakitoshi mtu alijikunja mdogo wake Winfrida, Agripina, wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa anakwenda kuanza kozi ya uuguzi. Kona ya pili Winfrida alisikia kimya cha injini.

"Washa, Jonathan."

"Hapa chini tu."

"Washa."

Breki zilikuwa zimekwisha kupata moto, hazikushika tena. Gari liliacha barabara na kuingia kwenye migomba, likagonga jiwe kwa ubavu wa nyuma. Agripina alifariki kabla ya kufikishwa hospitali.

Msibani watu walisema ni umande. Walisema ni mapenzi ya Mungu. Jonathan, mguu wake ukiwa umefungwa mbao, aliinamisha kichwa na kuyaacha maneno hayo yapite. Winfrida ndiye aliyesimama mbele ya wazee, jambo ambalo mwanamke wa umri wake hakutarajiwa kulifanya, akasema, "Si umande, na Mungu msimsingizie. Aliizima injini ili apate la kusema kilabuni." Kisha akakaa chini, pembeni ya mumewe.

Wengi walidhani angemwacha. Hakumwacha. Alichukua ufunguo, akajifunza kuendesha, na kuanzia hapo Jonathan akawa abiria katika gari lake mwenyewe hadi alipofariki mwaka 2006. Winfrida alimuuguza kwa miaka mitano kabla ya ugonjwa kumchukua, na alimwogesha mwenyewe. Marehemu alikuwa akisema analidharau gari, hamdharau mwenye gari, ingawa sisi tuliokuwa karibu tunajua ilipita miaka mingi ambayo mambo hayo mawili yalikuwa magumu kutenganisha.

Tulimuuliza kwa nini hakuliuza. Alijibu, "Atakayelinunua ataanza kudanganya." Basi alilikarabati na kuliendesha, na kila mteremko alishuka kwa gia ya pili, taratibu, foleni ikimpigia honi nyuma, uso wake hausemi kitu.

Mwezi Agosti 2018 kilikuja kikundi cha wapenzi wa magari ya kale kutoka Dar es Salaam. Magari yao yaling'aa kama masufuria ya harusi. Kiongozi wao, Bwana Halidi, alitangaza shindano: kupanda Kinole na kushuka, na atakayetumia petroli kidogo ndiye mshindi. Marehemu alialikwa kama mgeni wa heshima. Alifika mapema, akaliegesha gari lake juu kabisa, likikata barabara nzima mahali mteremko unapoanzia.

"Shikamoo, mama," alisema Halidi. "Tunaomba njia. Wenzetu wanatusubiri chini."

"Marahaba. Mtashuka mmewasha au mmezima?"

Halidi alitabasamu. "Mama, huo ndio ufundi wenyewe. Magari haya ni mepesi. Ukiweka gia huru, yanajiendea."

"Hata jeneza ni jepesi. Washeni."

Mmoja alimwita bibi mkorofi. Mwingine alisema ataita polisi. Marehemu alikunja mikono. Akawaambia kwamba mtu mzima anayehatarisha shingo yake ili asifiwe kwa kibaba cha petroli hana tofauti na mbwa anayefukuza tairi, ila mbwa haalikwi kwenye sherehe. Hapo akawaeleza habari za Agripina, kwa maneno machache, bila chozi. Injini zikawashwa moja baada ya nyingine, naye akawapisha.

Hata kwa gia, Halidi alipofika chini breki zake zilikuwa zinatoa moshi. Alishuka, akakaa juu ya jiwe akiutazama moshi huo. Matokeo ya shindano hayakutangazwa kamwe. Mwezi uliofuata alirudi Morogoro peke yake, akaomba kupelekwa kaburini kwa Agripina. Tangu hapo alikuwa akija kumjulia hali marehemu, ambaye alimweleza kila mtu kwamba "yule kijana anajifunza polepole." Hatujui mtu mwingine aliyesifiwa hivyo.

Mwaka 2023 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Wageni walipomwambia anaendelea vizuri, aligeukia ukuta mpaka waondoke. Daktari aliyemwambia ukweli, marehemu alimwandalia chai. Usiku wa mwisho binti yake Skolastika alimuuliza kama anaogopa. Alijibu, "Ndiyo," akamshika mkono, hakuuachia. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, nyumbani kwake Morogoro.

Ameacha watoto wawili, Raphael na Skolastika, wajukuu watano, na kaka yake, mzee Abasi Pazi wa Kinole. Familia inawaomba watakaosema baada ya wasifu huu wasimwongezee marehemu sifa asizokuwa nazo. Alizikataa akiwa hai, na leo hana nafasi ya kuzikanusha.

Mungu ampe amani, ile ambayo yeye mwenyewe hakuwapa waongo.