Laini ya Nikuze Peke Yake

Mbele ya steshenari ya Nikuze, pale Rubwera, barabara inapopanda kwenda ofisi za Wilaya ya Kyerwa, kuna benchi la mkaratusi ambalo hakuna anayekumbuka lililetwa na nani. Kila asubuhi Placidius hufika na birika lake la kahawa, na kabla makaa hayajakolea, wenye benchi wameshakaa. Adelard huitwa Mkongo, kwa kuwa aliwahi kuchimba mtaro wa kulaza mkongo, ule waya wa intaneti, na tangu hapo hajanyamaza. Egbert, fundi redio, ni Setilaiti. Cassian, dalali wa ndizi, wamempa jina la Waziri, kwa sababu hujibu kila swali, hata aliloliuliza mwenyewe.

Siku moja Nikuze alitoka dukani, akachukua kikombe, akabanana nao. Hiyo tu ilikuwa habari, maana Nikuze si mtu wa kukaa.

Shida yake waliijua. Maombi ya vyuo, ya ajira, vyeti vya kuzaliwa, kazi zake zote hupita mtandaoni, naye alikuwa akitegemea bando la simu. Ofisi zote zikishaingia hewani mchana, bando linaganda. Wiki iliyopita Uwiduhaye, binti kutoka kata ya Nyabiyonza, alikaa mbele ya kompyuta yake akiangalia kiduara kinazunguka mpaka muda wa kuomba chuo cha uuguzi ukapita. Binti hakulaumu. Aliaga kwa adabu, akaondoka na bahasha yake kwapani. Adabu ile ndiyo Nikuze alishindwa kuisahau. Sasa alitaka intaneti ya biashara, laini yake mwenyewe asiyogawana na mtu. Kampuni tatu zilishamtumia mawakala: moja ya waya wa ardhini, moja ya dishi linalotazama mnara, moja ya dishi linalotazama angani. Kila wakala aliapa kwamba yake ndiyo yenye kasi, na wote walitaka jibu siku hiyohiyo.

— Chukua waya, alisema Mkongo. Kitu kilichozikwa hakisumbuliwi na mtu.

Setilaiti alimkumbusha kwamba fuko si mtu. Fuko wa Kyerwa ameshamaliza viazi vya watu, alisema, sasa anatafuta kitu kigumu cha kunolea meno. Yeye angechukua ya angani, ambako hakuna fuko. Mkongo akajibu kuwa angani kuna mvua, tena intaneti ikishuka juu ya migomba inalowa, kila jani linabaki na chake, na inayofika dukani ni makapi.

Waziri aliwaacha wachoke. Alitoa mfukoni punje za kahawa kavu, akatafuna taratibu, kisha akatangaza kwamba tatizo ni mpaka.

— Hamjiulizi kwa nini jioni inapungua? Ng'ambo ya Mto Kagera wanatoka shamba, wanawasha simu, wanaivuta. Intaneti haionyeshi pasipoti.

Setilaiti hakukubali kupitwa. Alinong'ona kwamba kampuni zote tatu ni moja, zinachota kisima kimoja usiku na kugawana asubuhi, na kinachotofautiana ni fulana za mawakala tu. Mkongo akasema hilo analijua tangu mtaroni. Na hiyo laini ya mtu mmoja, Waziri akamalizia, ni ndoto.

— Peke yako? Kyerwa hii, hata dume la ng'ombe linaazimwa.

Nikuze alicheka pamoja nao, ila moyoni aliona amerudi nyuma kuliko alipoanzia.

Wakati huo alikuwa amefika mama mmoja mfugaji, Margreth, kutafuta wa kumchapishia kibali cha kusafirisha ng'ombe. Nikuze alimpa shikamoo, naye akaitikia marahaba, mwana wange, kwa kilugha cha kwao, akasimama na fimbo yake akisikiliza mabishano hadi mwisho.

— Na ikikatika? aliuliza.

— Nini, mama?

— Hiyo unayonunua. Ikikatika, anakuja nani, na anatokea wapi?

Waziri alirudi mfukoni kutafuta punje nyingine. Mkongo alitazama ardhini, Setilaiti akatazama juu.

Nikuze alitoa simu papo hapo, akaweka sauti wote wasikie. Kampuni ya angani ilimpigia muziki mpaka ukaisha, ukaanza tena. Ya waya ilimjibu kwa upole kwamba fundi yupo Mwanza na safari yake itapangwa. Ya mnara ilimpa namba ya fundi mwenyewe. Jovitus, ndilo jina lake, alipokea akiwa Nkwenda juu ya paa la mtu, akasema anaishi Omurushaka, si mbali, na ana pikipiki, na kama kuna kahawa atapita. Nikuze akachagua hiyo.

Laini ilifungwa, na ikaenda vizuri. Dirisha la maombi lilipofunguliwa upya, Nikuze alimpigia Uwiduhaye yeye mwenyewe. Safari hii fomu iliondoka kabla binti hajamaliza kuvuta kiti vizuri. Alimshika Nikuze mkono kwa mikono yote miwili.

Kisha, asubuhi moja ya mvua kubwa, benchi zima lilihamia ndani ya duka. Punde intaneti ikakatika, na Nikuze akampigia Jovitus. Mkongo alieleza habari za majani kulowa, Waziri akaapa kwamba ng'ambo wameamka mapema. Mabishano yalikuwa yamefika kwenye kile kisima cha kampuni tatu Jovitus alipoingia akichuruzika maji, akasalimia, akafuata waya kwa kidole kutoka dirishani hadi nyuma ya kabati. Aliinama hapo. Alipoinuka, mkono mmoja ulishika plagi ya ruta iliyokuwa imechomolewa, na mwingine simu iliyokuwa inachajiwa mahali pake.

— Hii ni ya nani? aliuliza.

Waziri, aliyekuwa na jibu la kila swali, aligundua ghafla kwamba kikombe chake hakina kahawa, akaenda kumtafuta Placidius nje, kwenye mvua.