Dakika za Pale Juu: Mzee Pankras Ndunguru Anakabidhi Usukani

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Mzee Pankras Ndunguru, dereva wa Kituo cha Afya cha Mtakatifu Rafaeli, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Aliajiriwa mwaka 1994, kijana wa Maguu ambaye ziwa alikuwa amelitazama kutoka mlimani tu. Amemaliza magari manne. Waganga wafawidhi amewapokea tisa na kuwasindikiza wanane. Abiria waliokufa kwa ajali mikononi mwake: hakuna. Naomba msomaji airudie namba hiyo, maana ndiyo inayoninyima raha tangu tangazo la kustaafu kwake libandikwe ubaoni.

Nimepewa kuandika wasifu huu kwa sababu, nilivyoambiwa, "Mhasibu ndiye anayesafiri naye sana." Ni kweli. Wenye digrii walikuwepo, ila kalamu imenifikia mimi kama ufagio ulivyonifikia nilipoanza kazi hapa wodini. Haya, nitaandika.

Ukitoka Mbinga kuja ziwani, kabla barabara haijaanza kuporomoka kuelekea Mbamba Bay, pana mahali penye nafasi ya kuegesha upande wa kushoto. Hapo gari la Mzee Pankras lilisimama kila safari, enzi za vumbi na hata lami ilipokuja. Abiria wote wanashuka. Yeye anazunguka akisogeza kiganja karibu na kila ringi kusikia joto, kisha anapiga magoti kuchungulia kama kuna tone la mafuta ya breki. Breki zikiwa zinapoa, anauliza swali lake: "Nani humu haongei na nani?" Waliokosana wanasalimiana pale pale, kwa mkono na kwa jina. Wasipotaka, gari haliondoki. Aliwahi kuwashikisha mikono wakaguzi wawili walionuniana tangu Songea. Mama mkwe mmoja alimsusia, akaketi juu ya jiwe na kitenge kichwani mpaka njaa ilipompatanisha na mkwewe.

Robo saa kila safari, safari mbili kwa wiki. Nimejumlisha: tumesimama pale juu karibu mwezi mzima, usiku na mchana. Nilipompelekea hesabu hiyo alicheka sana, akaniambia, "Mhasibu, na miezi tuliyofika salama umeiweka ukurasa gani?"

Desturi hii haikutoka chuo cha udereva. Ilianza mwaka 1998, mwaka wa mvua zile kubwa. Wakati huo, kwa maneno yake mwenyewe, alidhani imani ni kutotazama chini ya gari. Kwenye kioo alitundika rozari, kwenye dashibodi palikuwa na chupa ya maji ya baraka, na gari lenyewe padri alikuwa amelibariki. Asubuhi aliona paipu ya breki imepasuka kidogo. Akasema Mungu yupo, akapakia. Nyuma walikaa ndugu wawili wavuvi wa upande wa Liuli, waliogombania nyavu za marehemu baba yao kiasi kwamba hata shikamoo za watoto walikuwa wanagawana.

Mteremkoni breki zikagoma. Pankras aliingiza gia nzito, ikakataa. Akaona upande wa juu wa barabara shamba la ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayochimbwa miraba miraba kwenye mlima ili mvua isibebe udongo. Akalipeleka gari humo. Magurudumu ya mbele yakadumbukia shimo la kwanza, la pili, na la tatu likalishika kabisa. Hakuna aliyevunjika. Wale ndugu walitambaa kutoka nyuma wakakumbatiana katikati ya maharage, kila mmoja akilia kwamba nyavu achukue mwenzake.

Mwenye shamba, Bibi Anjela, alikuja na jembe begani. Hakuuliza nani ameumia. Aliuliza nani atampandia maharage yake. Pankras akaanza kumweleza jinsi walivyokuwa wakisali. Bibi akamkata kauli: "Kwa hiyo kijana, Mungu mmemwachia na breki?"

Mzee Pankras anasema amehubiriwa na maaskofu, lakini hajawahi kusikia mahubiri kama yale. Jumamosi zote za mwezi uliofuata alirudi kwa miguu kuchimba upya ngoro alizovunja: kulaza nyasi, kufukia, kupanda. Ni kazi aliyoikimbia kwao Maguu ili awe dereva. Akiwa ameinama humo ndipo, anasema, alipoanza kusali kama mtu mzima. Awali alikuwa anamwomba Mungu amfanyie kazi. Sasa akawa anamwomba amsaidie asiikwepe. Tangu hapo sala zake ni fupi na spana zake ni nyingi. Wale ndugu wavuvi nao walimfundisha sehemu ya pili. Alijiuliza kwa nini watu wasubiri kudumbukia kwenye maharage ya mtu ndipo wasameheane, wakati kuna mahali pazuri pa kusimama kabla ya mteremko.

Msidhani nilimwelewa upesi. Mwaka 2019, Winifrida, mama wa kijiji chetu, alijifungua na damu ikakataa kukata. Ya akiba ilikuwa imekwisha. Tulikwenda Mbinga, tukarudi na chupa mbili ndani ya boksi la barafu, nimelipakata kama mtoto. Tulipofika pale juu, Mzee Pankras akasimama.

Sikuamini. Nikamwambia, "Mzee, kuna mtu anakufa kule chini!"

"Najua. Ndiyo maana nataka damu ifike."

Akazunguka magurudumu yote manne, taratibu kama anayenunua gari. Akarudi dirishani: "Nani haongei na nani?" Nikamwambia ni mimi, na nisiyeongea naye ni yeye. Akasema, "Basi sema." Nikasema. Nilisema mambo ambayo buletini hii ya kituo haiwezi kuyabeba, na mengine hayakumhusu kabisa, yalikuwa ya kazini na ya nyumbani. Alisikiliza mpaka nilipoishiwa pumzi. Kisha akateremka mlima ule kwa mwendo wa kasi ambao sikuwahi kuuona kwake, kona kwa kona, mikono yote miwili kwenye usukani. Yangu ilikuwa imelikumbatia boksi.

Winifrida alipona. Siku hizi anauza usipa, dagaa wa ziwa letu, getini kwetu, na mtoto yule yuko darasa la kwanza akiwasumbua walimu. Lakini breki siku ile hazikuwa na kasoro yoyote, na dakika zile nasema mpaka leo zilikuwa nyingi. Nimemwambia mbele ya uso wake. Alinijibu kwamba hata yeye alikuwa anaogopa, na kwamba imani haijawahi kumwondolea hofu. Imemfundisha tu cha kufanya na mikono wakati anaogopa.

Sasa anaondoka, na hofu ametuachia. Lami imefupisha safari, haikufupisha mteremko. Malori yameongezeka. Dereva mpya ni Nazari, kijana mwenye leseni safi na mguu mzito. Kwenye kamati ya ajira nilisema wazi kwamba anaendesha kama mtu anayedaiwa roho. Maneno hayo yalimfikia kabla kikao hakijafungwa. Kuanzia hapo tulisalimiana kwa nyusi.

Alhamisi iliyopita ilikuwa safari ya makabidhiano. Nazari kwenye usukani, mimi pembeni yake, Mzee Pankras kiti cha nyuma, mikono juu ya magoti. Tulipokaribia pale juu, gari halikupunguza mwendo. Niligeuka kumtazama Mzee. Alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Siku zote amesema gari lina dereva mmoja. Ile nafasi ya kushoto ilianza kutupita.

Nikapiga kelele: "Simama!"

Nazari akafunga breki. "Kuna nini, mama?"

Mimi niliyezilalamikia dakika hizo miaka yote nilishuka, nikainama, nikasogeza kiganja kwenye ringi la mbele. Lilikuwa na moto. Nazari akaja akasogeza chake, akakirudisha haraka. Tukazunguka yote manne, kisha tukasimama pale tukiutazama mteremko na ziwa kule chini, tukisubiri joto lishuke.

Nilipoona yatosha, nikashika mlango nipande. Sauti ikatoka kiti cha nyuma, macho bado yamefumbwa: "Mhasibu, hiyo ni nusu."

Nazari ndiye aliyeanza. Alinipa mkono, akasema, "Shikamoo, mama Lusia." Nikamjibu marahaba, nikamwomba radhi kwa kauli ya kamatini, nikamwambia pia kwamba mguu wake bado ni mzito. Akacheka. Tulishuka kwa gia namba mbili mpaka chini.

Mzee Pankras, kwa niaba ya wafanyakazi na wote uliowafikisha, tunakushukuru. Jumamosi Nazari atakupeleka Maguu kwa mkeo, mama Bonifasia, na kahawa zenu zinazosubiri kuchumwa. Barabara ya kwako yote ni ya kupanda, hutahitaji breki, na Mungu akupandishe salama na akuzeeshe kwa amani. Sisi tunaobaki ndio wenye mteremko. Ukifumba macho kusali huko Maguu, tutaje kwa majina. Pale juu tutasimama.

Lusia Komba
Mhasibu