Mwalimu Philemon Kaijage Hakuchanganya Saa

Baba Padre, ndugu, jamaa na majirani mliotoka Southall, Hounslow na kwingineko, familia imeshauriwa isome historia hii kwa upole, nayo itajitahidi, ila mtuwie radhi pale upole utakapotushinda, kwa sababu mtu tunayemzika leo amesingiziwa, na marehemu hana mdomo wa kujitetea.

Mwalimu Philemon Kaijage alizaliwa tarehe 3 Agosti 1952 huko Kanyigo, Bukoba, mtoto wa nne wa Mzee Kaijage na Mama Blandina, akasoma shule ya msingi papo hapo kijijini na sekondari Ihungo, akawa mwalimu wa historia, akafunga ndoa na Restuta tarehe 18 Septemba 1982, na Novemba mwaka uliofuata Mungu akawajalia binti yao wa pekee, Angel. Januari 1984 walihamia London, na Jumapili ya tarehe 25 Machi wakampeleka mtoto kubatizwa, wamependeza, keki mkononi, wakakuta waumini wanatoka na padre ameshavua kanzu, kwa kuwa usiku ule nchi nzima ilikuwa imesogeza saa mbele na wao hawakuambiwa na mtu. Kwetu jua huchomoza karibu saa ile ile mwaka mzima, nani angewaza kwamba kuna watu huamka wakakubaliana kuwa saa mbili ni saa tatu? Mtoto alibatizwa mlangoni, haraka haraka, Restuta akilia, na Philemon akaapa kwamba aibu ile haitampata Mtanzania mwingine wakati yeye yu hai.

Kuanzia hapo akaichimba habari ya saa ya kiangazi mpaka mizizi, na katika shule ya Hounslow alikofundisha kuanzia Septemba 1986 hadi alipostaafu Julai 2012, kila Machi aliwasimulia wanafunzi juu ya mjenzi wa nyumba mpenda farasi aliyekasirika kuona watu wamelala na jua limewaka, na sheria ya mwaka 1916 iliyopitishwa vitani ili kuokoa makaa ya mawe, na vita vya pili saa ilipowekwa mbele mara mbili, na ile miaka mitatu kuanzia 1968 ambayo saa haikurudishwa nyuma kabisa, watoto wakaenda shule gizani mpaka bunge likakata tamaa. Alikuwa akimaliza kwa kusema, "Wamesogeza mishale tu, jua halina habari."

Na kila Jumamosi ya kuamkia mabadiliko hayo, ninyi nyote mnajua, simu zenu zililia. "Restuta amepika, mimi napiga simu," alianza hivyo, kisha, "sogezeni saa, misa isiwapite." Wapo waliomcheka, wakamwita Mzee Saa, na wakafika misani kwa wakati.

Marehemu aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2006, na Mei 2019 kiharusi kikamlemaza upande wa kulia, hivyo kila Restuta aliposafiri, kampuni ya wahudumu ililipwa kumletea uji saa mbili kamili asubuhi, na kwa maelekezo yao wenyewe alijichoma insulini saa hiyo hiyo, chakula kikiwa mlangoni. Machi mwaka huu Restuta alikwenda Bukoba kumzika dada yake. Ijumaa ya tarehe 28 marehemu aliipigia kampuni hiyo simu kuwakumbusha kwamba Jumapili saa inasogea, akajibiwa kwa kicheko, "Usijali, Baba, kompyuta inajibadilisha yenyewe."

Haikujibadilisha. Jumapili ya tarehe 30 Machi 2025 mwalimu alijichoma saa mbili kamili kama alivyoagizwa, na mhudumu akafika saa tatu, kwa ratiba ya saa ya zamani, akagonga mlango haukufunguliwa, jirani yetu Reena akaja na ufunguo, wakamkuta sakafuni, sukari imemshuka mwilini, katikati ya kiti na jiko, mkono wa kushoto umenyooshwa kuelekea kopo la sukari. Alifariki hospitalini tarehe 2 Aprili 2025 saa kumi na moja alfajiri.

Halafu meneja wa kampuni hiyo akamtazama Restuta, mjane aliyetoka kaburini kwa dada yake kuingia msibani kwa mumewe, akamwambia kwamba mzee alichanganyikiwa na ile saa yake ya Kiafrika ukutani. Ndiyo, mwalimu alikuwa na saa mbili ukutani, moja ya Kiingereza na moja ya Kiswahili, na Jumamosi jioni alizisogeza zote kwa mkono mmoja uliobaki na fimbo. Reena alipofungua mlango, ya Kiingereza ilionyesha tisa, ya Kiswahili ilionyesha tatu, zote sahihi. Saa iliyokosea ilikuwa mfukoni mwa kampuni. Tumekasirika, na hatutaki kutulizwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku zile tatu, Reena ambaye hakuondoka kitandani pake, walimu wenzake, na jumuiya yote iliyochanga na kukesha. Nyote mlio hapa mlipigiwa simu Jumamosi ile, na hakuna hata mmoja aliyechelewa misa.

Mwezi Oktoba saa zitarudi nyuma, msingoje simu. Mwalimu, wewe uliwahi. Pumzika kwa amani.