Mawe Kumi na Manane ya Kuluthumu: Bibi Rukaya Shamte Aaga Chumba cha Eksirei

Tarehe 30 Juni 1995, Bibi Rukaya Shamte anastaafu baada ya miaka thelathini ya kupiga picha za eksirei katika hospitali yetu, hapa Singida. Ameona mifupa ya nusu ya mji huu, na bado anawasalimu wenyewe kwa heshima.

Alianza katika chumba cha giza, akisafisha filamu kwa maji ya ndoo kila bomba lilipokauka. Baada ya mafunzo Dar es Salaam alirudi na sheria moja: mgonjwa avue kila kitu ambacho si nyama wala mfupa. Mkaguzi mmoja wa afya alivuliwa saa, funguo na mkanda, akapigwa picha ya kifua huku ameshika suruali kwa mikono miwili. Picha ilitoka safi. Mkaguzi hakurudi.

Mwaka 1992, zahanati za watu binafsi zilipoanza kufunguliwa mjini, Kuluthumu, muuza vitenge wa sokoni, aliletwa kwetu amebebwa. Mgongo ulikuwa umemuuma miezi mitano, homa za jioni hazikukatika, na sasa miguu ilikuwa inaelekea kupooza. Alikuja na picha ya zahanati moja mpya, pamoja na majibu: mawe ya figo. Daktari wetu aliyahesabu mawe, akapata kumi na manane, akapanga upasuaji.

Bibi Rukaya aliinua picha ile dirishani, akauliza mbele ya wodi nzima ni mawe gani hayo yaliyojipanga mstari kama yametungwa uzi. Waliompiga picha walikuwa wameona haya kumwambia mama wa watu avue shanga za kiunoni.

Hospitali ilikuwa imebakiwa na filamu mbili. Hakuomba ruhusa. Alivuta pazia, akamvua Kuluthumu shanga, akapiga moja kwa mbele na nyingine kwa ubavu. Pale palipokuwa pamefunikwa na shanga, pingili mbili za uti wa mgongo zilikuwa zimeliwa, na gegedu lililo kati yake limetoweka. Kilikuwa kifua kikuu cha mgongo. Upasuaji ulifutwa, dawa zikaanza siku hiyohiyo. Baada ya miezi minne Kuluthumu alisimama; baada ya mwaka alirudi sokoni.

Daktari aliyehesabu shanga ndiye anayeandika wasifu huu. Amekumbushwa jambo hilo kila Jumatatu kwa miaka mitatu.

Kuluthumu ametuarifu kwamba atakuja kwenye sherehe ya kumuaga Bibi Rukaya kwa miguu yake, na kwamba safari hii shanga havui.

Bibi Rukaya, tunakushukuru. Nenda Ilongero, kalime alizeti zako. Tunakuombea umri mrefu na mgongo mzima, maana ukikuuma, watakaosoma picha yako ni sisi.