Mama Meno na Dhamana ya Miaka Kumi

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, tabibu wetu wa meno, ambaye gereza zima linamwita Mama Meno, anavua koti jeupe baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mtunza dawa wa kliniki, niandike mambo ya kuchangamsha kwenye kijarida chetu. Nitajitahidi, ingawa sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa jengo la nyuma, wanakokaa waliohukumiwa kifo, na huko mambo ya kuchangamsha hupatikana kwa shida.

Kwa wenzetu wa ofisi za mbele ambao hawajawahi kufika huko: ni ukumbi mrefu wenye vyumba pande zote mbili. Taa haizimwi usiku wala mchana. Kuta zina unyevu hata wakati wa kiangazi, na ndoo ya haja hukaa humo humo anamolala mtu. Jua wanaliona saa moja kwa siku, likiwa limekatwakatwa na nondo. Wanakohoa, wanajikuna upele, na macho yao hufifia mapema kwa kukosa cha mbali cha kutazama. Maharage huja nusu mbichi, na changarawe zake. Miswaki walikuwa wakipewa iliyokatwa mpini, isije ikanolewa, kwa hiyo magego hayakufikiwa, yakaoza.

Kabla ya Mama Meno, dawa ya jino huko ilikuwa koleo. Yeye alipofika aliomba mashine ya kuzibia ipelekwe jengo la nyuma. Mkuu wa gereza wa wakati huo alishangaa mbele ya watu: "Unamzibia jino mtu wa kunyongwa? Si ungoe tu, mama, tumalize kazi?" Akajibu huku akiendelea kupanga vifaa kwenye sinia: "Afande, hukumu yake ni ya shingo. Jino halikuhukumiwa." Mashine ilipelekwa wiki hiyo hiyo, juu ya toroli la jikoni, ikinuka vitunguu.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mfungwa tunayemwita Seremala, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yake uraiani. Miaka ile watu walikuwa bado wanachukuliwa alfajiri kwenda kunyongwa. Gego lake lilipozibwa, aliuliza litadumu muda gani. Mama Meno, kwa mazoea ya hospitali alikotoka, akamjibu kama alivyowajibu wagonjwa wote: "Miaka kumi, ukitunza." Askari aliyeshika pingu akatazama dari. Mama Meno mwenyewe aliniambia kwamba alitamani sakafu ipasuke aingie. Ndipo Seremala akacheka, akacheka mpaka pamba ikamtoka mdomoni. Aliporudishwa alipita ukumbini akigonga milango ya wenzake: "Jamani, mimi nina dhamana ya miaka kumi! Nyinyi je?"

Tangu siku hiyo Mama Meno hakubadili jibu. Wapo waliokuja na meno mazima, wakilalamikia maumivu yasiyo na mahali, ili tu waambiwe na wao. Aliwajua. Aligonga jino kwa mpini wa kioo chake, akasema: "Hili zima. Hili ni miaka ishirini, mjanja wewe. Haya, nenda."

Si wote waliofikisha miaka waliyoahidiwa. Mmoja, aliyekuwa na sauti nzuri ya kuimba, alichukuliwa siku chache baada ya kuzibwa. Wengi zaidi waliondoka bila kamba: kifua kikuu, kuhara, na wengine kukataa tu kula. Habari hizo zikifika, Mama Meno alikuja stoo kwangu, akapanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa, kisha akarudi kazini. Lakini ni yeye aliyepigania miswaki yenye mpini mzima, inayokaa kwenye meza ya askari na kugawiwa asubuhi. Wakuu watatu wa gereza walipita kabla haijakubaliwa. Tena alikuwa akisikia kikohozi kibaya huku amemfungua mtu mdomo, anaacha jino na kwenda kumvuta daktari kwa mkono. Wapo walio hai kwa sababu ya masikio yake.

Nyumbani nako hawakusalimika. Shemeji yetu, mumewe, fundi cherehani, hudai kwamba siku ya posa alikaguliwa meno kwanza ndipo akaitikiwa salamu. Wajukuu wakimwona bibi yao huficha mikono nyuma hata wasipokuwa na pipi.

Hukumu za kifo hazijatekelezwa kwa muda mrefu sasa, wala hazijafutwa. Seremala amezeeka akisubiri. Kila dhamana ilipoisha alikuja mwenyewe: "Mama, niongezee muda." Mwezi huu amekuja tena, na safari hii uozo umefika kwenye mzizi. Mama Meno ameusafisha na kuweka dawa ya muda, ambayo inapaswa kutolewa na jino kuzibwa tarehe nne Julai. Siku hiyo yeye atakuwa raia. Mrithi wake hajaajiriwa, na agizo lililopo ni kwamba jino lolote litakalosumbua jengo la nyuma lingolewe.

Kamati ilikuwa imemchagulia friji. Ameikataa kwa heshima, akaomba kibali cha kuingia Jumanne hiyo moja, amalize. Hadi haya yanakwenda kuchapwa, hajajibiwa. Dawa ya muda haikai, na cha muda husahaulika kirahisi; mimi mwenyewe ni mgeni niliyekuja nchi hii kwa muda, nikazeekea humu, kwa hiyo sisemi kwa kubahatisha. Afande mkuu, utasoma ukurasa huu kabla yetu sote. Tunakuomba.

Mama Meno, asante kwa yote. Jana nilipeleka dawa jengo la nyuma nikakuta wanajua unaondoka. Hawaruhusiwi kutoa zawadi wala kutuma kadi. Seremala alisogea kwenye tundu la mlango, shavu limemvimba kidogo, akasema kwa niaba ya ukumbi mzima: "Mwambie Mama na sisi tunampa yake. Miaka kumi, akitunza."

Sisi wa mbele tunakutakia hiyo hiyo.